Kadi mpya ya grafiki kwenye kompyuta kongwe: kuingia si kufaa

Swali ni lile lile kila siku: "Jamani, hii kadi itaingia kwenye mashine yangu?" Aliyeuliza ana kompyuta ya mezani iliyokula chumvi nyingi, ameona kadi ya grafiki inauzwa kwa bei ya kuridhisha, na anataka jibu la ndiyo au hapana. Wa kwanza anamjibu: itaingia, sloti ni zile zile. Wa pili anamwonya: usithubutu, utaunguza pawa saplai. Wa tatu anatamka neno "botoneki" na kwenda zake. Mwulizaji anabaki pale pale alipokuwa, ila sasa ana wasiwasi pia.

Ajabu ni kwamba wote watatu huenda wamesema kweli. Kila mmoja amejibu swali lake. Katika jambo hili kuna kuingia, kuna kuwaka, na kuna kufaa. Kadi inaweza kuingia isiwake, na inaweza kuwaka isifae. Anayechanganya hayo matatu ndiye hununua mara mbili.

Tuelewane maneno kwanza. Kadi ya grafiki ni kibao chenye chipu yake, inayoitwa GPU, kumbukumbu yake na mara nyingi feni zake, na kazi yake ni kuchora kila unachokiona kwenye monita. Kompyuta isiyo na kadi hiyo haikosi mchoraji. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nyingi zimebeba grafiki ndogo tumboni mwake, na kompyuta nyingi za ofisini zimeishi umri wao wote kwa hiyo tu. Ubao mama, au mazabodi kama mafundi wanavyosema, ndio ubao mkubwa ambao vingine vyote vimechomekwa juu yake. Pawa saplai ni lile sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Draiva ni programu inayoiwezesha Windows au Linux kuelewana na kadi.

Kabla ya bisibisi, jiulize kompyuta yako inaumwa nini. Ikiwa inachukua dakika tatu kuwaka, ikiwa kufungua faili unasikia diski ikikwaruza, ikiwa kurasa tano za intaneti zinaifanya igande, ugonjwa hauko kwenye grafiki. Hapo dawa ni kuondoa diski ya zamani inayozunguka na kuweka SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, na kuongeza RAM, kumbukumbu ya muda ambayo prosesa hufanyia kazi. Nimeona watu wakitia kadi nzuri kwenye mashine yenye RAM ya GB 4 na diski iliyochoka, kisha wakalalamika kwamba "haijabadilika kitu". Ingebadilika vipi? Kadi ya grafiki husaidia gemu, kuhariri video, kazi za pande tatu, kuendesha monita nyingi au zenye pikseli nyingi, na baadhi ya kazi za akili bandia. Haiharakishi barua pepe.

Kuingia

Hapa ndipo habari njema ilipo nyingi. Kadi za leo huchomekwa kwenye sloti ndefu ya PCI Express, maarufu kama PCIe x16, na sloti hiyo haijabadilika umbo tangu toleo la kwanza la mwaka 2003. Kompyuta yenye sloti ya aina ya AGP, iliyotangulia PCIe, iache ipumzike.

Watu wengi huamini kwamba kadi ya PCIe 4.0 haiwezi kukaa kwenye sloti ya 3.0, au ya 3.0 kwenye 2.0. Si kweli. Matoleo haya yanapokeana. Kadi na ubao mama hukubaliana kutumia kasi ya yule aliye nyuma. Ifikirie sloti kama barabara. Ile "x16" ni idadi ya njia, yaani magari 16 yanaweza kwenda sambamba. Namba ya toleo ndiyo mwendo unaoruhusiwa, na kila toleo jipya limeongeza mwendo takriban mara mbili. Kwenye PCIe 3.0 kila njia hupitisha karibu GB 1 kwa sekunde, hivyo njia 16 hupitisha karibu GB 16. Kadi nyingi za daraja la kati hazijazi barabara hiyo, ndiyo maana kuzishusha toleo moja mara nyingi hakuonekani kwa macho.

Ila kuna mtego mmoja ambao hasa huwanasa wenye mashine za zamani. Baadhi ya kadi za bei nafuu zimeundwa na njia chache. Radeon RX 6500 XT ya AMD, iliyotoka Januari 2022, ina umbo la x16 lakini hutumia njia 4 tu, na kumbukumbu yake ni GB 4. Kwenye ubao mama wa PCIe 4.0 njia nne zinatosha. Kwenye ubao wa 3.0 mwendo unakatwa nusu, na gemu ikizidisha ile kumbukumbu, data lazima ipite kwenye kile kichochoro chembamba, na picha zinaanza kukwama. Kwa hiyo kadi iliyotengenezwa kwa watu wa kipato kidogo inafanya vibaya zaidi kwenye mashine za watu hao hao. Mimi hilo huliita dhihaka. Mwenye ubao wa zamani na atafute kadi yenye njia 8 au 16 halisi.

Halafu kuna rula. Pima urefu kutoka nyuma ya kasha hadi kizuizi cha kwanza mbele, ambacho mara nyingi ni kizimba cha diski. Pima na unene: kadi nyingi huchukua nafasi ya sloti mbili, nyingine tatu. Angalia kama kadi italalia plagi za SATA, zile za nyaya za diski, zilizo kwenye ubao. Kasha jembamba la ofisini, lile la kulaza mezani, hupokea kadi fupi za kimo tu, na hata hizo lazima ziwe na bamba fupi la nyuma. Vipimo vya kadi huandikwa na mtengenezaji kwa milimita; vya kasha lako unavipata kwa mkono wako. Usiamini picha.

Kuwaka

Sloti yenyewe humpa mgeni wake umeme usiozidi wati 75. Kadi inayotaka zaidi huja na tundu la plagi ya ziada kutoka pawa saplai: plagi ya pini 6 huongeza wati 75, ya pini 8 huongeza 150. Ukizishika namba hizo tatu utaweza kuikadiria karibu kadi yoyote kwa kuitazama tu ubavuni.

Kwa kompyuta za ofisini, ambazo pawa saplai yake haina plagi hizo kabisa, jibu ni kadi zisizohitaji plagi. Kadi ya Nvidia GTX 750 Ti ya mwaka 2014 hutumia wati 60. GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 hutumia 75, ingawa baadhi ya watengenezaji waliiongezea 1650 tundu la plagi, kwa hiyo tazama ile unayonunua. RX 6400 ya AMD hutumia 53, ila nayo ni ya njia nne, na tumeshaona maana yake. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, hutumia 70. Hii ya mwisho inahitaji macho mawili: ipo RTX 3050 nyingine, ya GB 8, inayotaka wati 130 na plagi. Jina moja, kadi mbili tofauti.

Sasa geukia sanduku la umeme. Watu husoma namba kubwa iliyoandikwa nje, "500W", na kuridhika. Namba inayohusu kadi iko kwenye jedwali dogo la lebo, safu ya volti 12. Zidisha ampea zake kwa 12 upate wati. Niliwahi kufungua mashine iliyobandikwa wati 500 kwa herufi za dhahabu. Safu ya volti 12 ilisema ampea 16. Fanya hesabu: wati 192. Zile nyingine zilikuwa zimejumlishwa kutoka safu ambazo kadi haizigusi, au zilikuwa za kupamba.

Chukua mfano wa hesabu halali. Prosesa ya Intel Core i5-4570 ya mwaka 2013 ina kiwango cha wati 84. Weka ubao mama, RAM, diski na feni, useme mashine yote inafika 130 ikifanya kazi kwa nguvu. Ongeza kadi ya wati 75, unapata 205. Pawa saplai ya ofisini ya wati 240, ikiwa bado nzima, itabeba, japo hailazi miguu. Pawa saplai hiyo hiyo ukiipa kadi ya wati 150 imekwisha. Na kumbuka nayo imezeeka: kapasita zake hupungua nguvu kwa miaka na joto, kwa hiyo usipange mzigo hadi ukingoni. Dalili ya kuzidiwa ni kompyuta kuzima ghafla au kujiwasha upya katikati ya gemu, huku kwenye kazi nyepesi ikiwa salama kabisa.

Wapo pia wanaoogopa kinyume chake, kwamba pawa saplai ya wati 650 itaiunguza kompyuta inayotaka 250. Haiwezi. Wati zilizoandikwa ni uwezo wa kutoa, kama tangi kubwa la maji: bomba huchota kile linachohitaji, na kilichobaki kinabaki. Shida ya kubadilisha pawa saplai ni nyingine. Kompyuta nyingi zilizoundwa kiwandani kwa ajili ya ofisi hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye ubao mama. Zina plagi za mtengenezaji mwenyewe, na masanduku yake yana umbo la pekee. Fungua kasha uhesabu pini kabla ya kununua.

Na tafadhali, epuka ile adapta inayogeuza plagi ya SATA kuwa plagi ya kadi. Plagi ya SATA imeundwa kulisha diski. Kwenye volti 12 mwisho wake ni ampea 4.5, yaani wati 54. Unaitaka ibebe 75, au 150. Plastiki huyeyuka, na ikiyeyuka haichagui muda.

Umeme ukitosha bado kuna kuelewana. Kompyuta za kabla ya takriban 2012 huanza kwa BIOS, yaani programu ya kuiamshia mashine iliyo kwenye ubao mama, ya mtindo wa kale, ilhali kadi mpya zimeundwa zikitarajia mfumo mpya wa UEFI. Matokeo yake huwa ni monita nyeusi, au milio michache, huku feni za kadi zikizunguka kwa furaha. Mtu anadhani kadi ni mbovu, anairudisha. Inachomekwa kwenye mashine nyingine, inawaka. Wakati mwingine sasisho la BIOS kutoka kwa mtengenezaji wa ubao mama hutibu. Lifanye kabla ya kuweka kadi mpya, maana baadaye hutakuwa na picha ya kuona unachofanya. Kadi za Intel Arc nazo zinahitaji kipengele kinachoitwa Resizable BAR, kinachoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, ili zitoe nguvu yao, na bodi nyingi kongwe hazina. Kwa mashine ya miaka kumi ningezipita.

Mfumo wa uendeshaji nao una sauti. Nvidia iliacha kutoa draiva za biti 32 mwaka 2018 na za gemu kwa Windows 7 mwaka 2021, kwa hiyo anayeng'ang'ania Windows 7 atakuta kadi mpya haina lugha ya kuzungumza naye. Kampuni hiyo pia ilitangaza mwaka 2025 kwamba draiva za kawaida za gemu kwa familia za GTX 900 na GTX 1000, pamoja na ndugu yao 750 Ti, zinakoma Oktoba ya mwaka huo, kisha zitabaki za usalama tu hadi Oktoba 2028. Kadi hizo hazikufa siku hiyo. Lakini ukiwa unachagua leo kati ya 1050 Ti na 1650 kwa bei zinazokaribiana, huo ni uzito halali wa kuweka kwenye mizani: 1650 iko kizazi cha baadaye, haimo kwenye orodha hiyo.

Kufaa

Hapa ndipo lile neno "botoneki" linapoingia, na ndipo watu wanapotishana zaidi.

Fikiria jumba linalopakwa rangi. Kuna msimamizi mmoja anayeamua ukuta gani, rangi gani, nani aende wapi. Na kuna vibarua mia wanaopaka. Prosesa ni msimamizi. Kadi ya grafiki ni vibarua. Kwa kila picha moja ya gemu, na huenda zikawa 60 kwa sekunde, msimamizi lazima amalize maelekezo ndipo vibarua waanze. Ukiwa na vibarua wavivu, kuajiri wapya kunaleta tofauti kubwa. Ukiwa na msimamizi mzito, vibarua mia mbili wapya watakaa kwenye ngazi wakimsubiri. Botoneki ni mahali hapo panapobana, si zaidi.

Kila kompyuta inapo pahali panapobana. Mashine isiyo na botoneki haipo, na zile tovuti zinazokupa asilimia fulani ya botoneki ukiandika jina la prosesa na kadi zinakupa namba isiyo na mwili. Mbano huhama kulingana na gemu na idadi ya pikseli. Gemu yenye umati wa watu na hesabu nyingi humchosha msimamizi. Gemu yenye mandhari nzito kwenye monita kubwa huwachosha vibarua.

Kama tayari una kadi, unaweza kujipima bila kutumia senti. Fungua gemu inayokukera, angalia idadi ya fremu, yaani picha, kwa sekunde, kisha shusha pikseli hadi chini kabisa. Fremu zikipanda sana, vibarua ndio walikuwa wamelemewa: kadi bora itakusaidia. Zisipopanda, au zikipanda kidogo tu, umeshamwona msimamizi, na kadi ya bei yoyote haitamfanya afikiri haraka. Unaweza kuthibitisha kwa Task Manager ya Windows 10 au 11: GPU inayokaa asilimia 95 na kuendelea inatumika, inayoyumba kwenye 50 huku gemu ikikwama inasubiri mtu. Usidanganywe na asilimia ya jumla ya prosesa, kwa sababu kiini kimoja kinaweza kuwa kimejaa huku wastani wa vyote ukionekana mdogo.

RAM nayo humsaidia msimamizi. Vipande viwili vya GB 4 kwenye sloti zinazooana hufanya kazi kwa pamoja na mara nyingi vinakishinda kipande kimoja cha GB 8, jambo ambalo wauzaji wachache hulisema. Kuna pia ukuta ambao hauvukwi kwa kadi: baadhi ya gemu mpya hudai maagizo ya prosesa yanayoitwa AVX2, ambayo Intel iliyaleta mwaka 2013. Prosesa ya 2011 au 2012 haina, na gemu hiyo itakataa kufunguka hata ukiweka kadi ya kifalme.

Kisha ile imani sugu, "GB nyingi ndiyo kadi kali". Kumbukumbu ya kadi ni meza ya kufanyia kazi. Meza kubwa haimpi fundi mikono. Tazama GT 1030. Zipo mbili, zote za GB 2, zote zimeandikwa jina hilo hilo. Moja hutumia kumbukumbu ya GDDR5 na kupitisha GB 48 kwa sekunde. Nyingine hutumia DDR4 na kupitisha karibu 17. Kwenye kisanduku tofauti ni herufi chache. Kwenye gemu tofauti unaiona bila miwani. Ukikutana na kadi ya kale yenye GB 4 za DDR3 ikisifiwa kwa "GB nne kamili", msifu muuzaji kwa ulimi wake na uendelee na safari.

Anayenunua kadi iliyotumika ajue kwamba zipo za kughushi: chipu ya zamani sana iliyobadilishwa programu ya ndani ili ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Windows itaamini. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua nyingi na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Iwe ni sharti lako kabla ya kutoa pesa, pamoja na kuiendesha gemu kwa dakika ishirini ukisikiliza feni.

Monita nayo usiisahau. Kama yako ina tundu la VGA pekee, kadi za Nvidia kuanzia kizazi cha GTX 1000 hazitoi tena ishara ya analojia, hivyo waya wa kubadili umbo la plagi tu hautafanya kazi. Utahitaji kigeuzi chenye chipu ndani. Na monita ya hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde, hata kadi ichore 140.

Basi ukiniuliza kuhusu ile mashine ya i5-4570, RAM ya GB 8 na pawa saplai ya wati 240 kwenye kasha jembamba, nitakujibu hivi: SSD kwanza kama haina. Kisha GTX 1650 fupi isiyo na plagi, na iandae kwa gemu za miaka ile na nyepesi za sasa. Zaidi ya hapo unaanza kununua pawa saplai, halafu kasha, halafu ubao, na siku moja utagundua umejenga kompyuta nyingine kuizunguka prosesa ya 2013.

Ukishaifunga na kila kitu kikawaka, lakini gemu ikakwama vile vile, usikimbilie kumlaumu muuzaji. Inama nyuma ya kasha uangalie waya wa monita umechomekwa wapi. Mara nyingi kuliko watu wanavyokiri, bado uko kwenye tundu la zamani la ubao mama, na kadi mpya imekaa pembeni haijachora hata nukta moja.